Dawa ya Siku Mbili: Kortisoni, Mkonge na Vidole vya Mathe

Mathe wangu ni fundi wa nguo. Cherehani yake ndiyo ilinisomesha mpaka chuo kikuu, na vidole vyake vilipokataa kukunjika, chuo nacho kikaishia hapo, mwaka wa pili. Hii nilikuwa sijawahi kuiandika. Leo naiandika kwa sababu kila wiki kuna msee ananitumia klipu ya mtu amesimama mbele ya kamera na chupa ya dawa ya viungo, na mzee kando yake anarukaruka kama kijana. Ati siku mbili tu maumivu kwisha.

Wasee, siku mbili ni kweli. Hapo ndipo shida iko. Kaeni niwape stori, inaanzia kwetu nyumbani, inaenda Marekani, inapitia mashamba ya mkonge, halafu inarudi nyumbani.

Kwa mathe ilianza na asubuhi. Anaamka vidole vimefura, vimekauka kama mti, anamaliza saa nzima kabla hajaweza kushika kikombe. Mtaa mzima ulikuwa na jibu. Wa kwanza alisema ni baridi. Wa pili akasema ni uzee, na mathe alikuwa na miaka 43. Shangazi yangu akasema ni jirani. Hata Kiswahili chenyewe kinakuhukumu mapema, kwa sababu jina la huu ugonjwa kwa kamusi ni baridi yabisi. Ukishaambiwa unaumwa na baridi kavu, utafanya nini? Utanunua soksi.

Kumbe arthraitisi ya aina hiyo, ile madaktari huita rumatoidi, haihusiani na soksi. Ni kinga ya mwili yenyewe imechanganyikiwa. Wale askari wanaofaa kupigana na viini wanageuka wanashambulia ngozi laini iliyo ndani ya kiungo. Kiungo kinafura, kinapata moto, na wakiachwa waendelee wanakula mpaka mfupa. Inawapata wanawake zaidi ya wanaume, na haingoji uzee.

Sisi hatukujua. Tulichojua ni jamaa mmoja aliyepanda matatu na begi, akatoa vipakiti vya tembe ndogo bila jina. Mitishamba tupu, alisema, haina kemikali. Nilinunua mimi. Siku ya tatu mathe alikuwa anasukuma chapati huku anaimba. Nililia, sikudanganyi. Miezi minane mimi ndiye nilikuwa natumwa kununua hizo tembe.

Uso wa mathe ukaanza kuwa mviringo. Majirani wakasema amenona, maisha yamekuwa mazuri. Sukari ikapanda. Ngozi ya mikono ikawa nyepesi kama karatasi, akiguswa tu anavilia damu. Halafu yule jamaa akapotea stejini, tembe zikaisha, na siku chache baadaye mathe akazimia chini ya cherehani yake. Daktari aliyempokea aliniuliza swali moja tu: alikuwa anameza nini? Nikatoa karatasi tupu mfukoni. Akaniambia hiyo dawa karibu hakika ilikuwa na steroidi. Akaongeza kitu sijawahi kusahau: kwamba dawa za ukoo huo zilishinda tuzo ya Nobel, na kwamba niliuziwa nusu ya hadithi.

Nikaenda kutafuta nusu ya pili.

Hadithi inaanza tarehe 1 Aprili 1929, kwa Mayo Clinic, mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani. Kulikuwa na daktari wa viungo anaitwa Philip Hench. Alikuwa shabiki sugu wa Sherlock Holmes, na nadhani hiyo ilimsaidia. Siku hiyo mgonjwa wa miaka 65, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alimwambia jambo la ajabu. Alikuwa amepata jondisi, macho na ngozi zikawa manjano, na papo hapo maumivu ya viungo yakaanza kupungua. Jondisi ilikaa wiki nne. Viungo vilikaa poa miezi saba.

Daktari mwingine angecheka aandike dawa zile zile. Hench aliiweka akilini. Akaanza kuuliza wagonjwa wengine, akapata wengine waliopata nafuu wakiwa na jondisi. Halafu akaona kitu kingine: wanawake wengi wenye rumatoidi walipata nafuu wakiwa na mimba, na baada ya kujifungua maumivu yakarudi. Fikiria hapo. Siku hizo madaktari wengi waliamini kwamba huu ugonjwa unaletwa na viini, na ukikushika haurudi nyuma. Sasa hapa mwili wenyewe unauzima kwa miezi halafu unauwasha tena. Maana yake ndani ya mwili kuna kitu kinachoweza kuuzima. Hench hakukijua, kwa hivyo akakiita Kitu X.

Alijaribu kukipata kwa nguvu. Aliwapa wagonjwa nyongo, akawapa maji ya maini, akawaongezea damu ya watu wenye jondisi. Zii. Miaka ikapita.

Sasa, kwa hospitali hiyo hiyo kulikuwa na mwanakemia anaitwa Edward Kendall. Yeye alikuwa anachunguza tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo kama kofia. Alisaga tezi za ng'ombe kutoka vichinjio, tani baada ya tani, na kutoka kwa mlima huo wa nyama akapata punje za unga. Alizipa herufi: A, B, E, F. Kule Uswisi, mwanakemia mwingine anaitwa Tadeus Reichstein alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo kivyake. Januari 1941, Hench na Kendall walikaa chini wakakubaliana kwamba siku moja wajaribu E kwa mgonjwa wa viungo. Hench akaiandika kwa daftari lake. Shida ni kwamba E ya kutosha haikuwepo duniani.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo viliivuta mbele, na sababu ni udaku mtupu. Kulikuwa na uvumi kwamba Wajerumani wanawapa marubani wao dawa kutoka kwa tezi hizo ili waruke juu sana bila kuishiwa na pumzi. Serikali ya Marekani ikasema na sisi tunataka. Uvumi haukuwa na msingi, lakini utafiti ulishapata nguvu. Desemba 1944 kijana wa kampuni ya Merck, Lewis Sarett, akaweza kuitengeneza E kwa maabara kutoka kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30. Miaka minne baadaye ndipo Merck walikuwa na gramu chache za kugawa.

Julai 1948 mwanamke mmoja wa miaka 29 alilazwa Mayo. Alikuwa ameugua zaidi ya miaka minne, kugeuka kitandani ni vita. Hench alijaribu hata kumletea jondisi kwa makusudi, haikushika. Mwanamke akasema hatoki hapo mpaka apate nafuu. Tarehe 21 Septemba 1948 wakamdunga sindano ya E, miligramu 100 kwa siku. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya tatu akageuka kitandani bila shida. Siku iliyofuata akatembea na kuchechemea kidogo tu. Tarehe 28, wiki moja tangu sindano ya kwanza, alienda mjini kufanya shopingi masaa matatu.

Nikisoma hapo nilisimama. Siku ya tatu. Chapati za mathe.

Aprili 1949 Hench na wenzake, Kendall, Charles Slocumb na Howard Polley, walisimama mbele ya madaktari wenzao na matokeo ya wagonjwa 14. Na walikuja na filamu. Kwanza unaona mgonjwa anavuta miguu, anashindwa kusimama kutoka kwa kiti. Halafu unaona yule yule anapanda ngazi. Watu walisimama wakapiga makofi. Magazeti yakabeba. Ile E ikapewa jina jipya: kortisoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapata Nobel ya tiba. Hesabu mwenyewe, kutoka sindano ya kwanza mpaka tuzo ni miaka kama miwili. Kwa mambo ya Nobel hiyo ni spidi ya bodaboda.

Mimi kazi yangu ni video, kwa hivyo naelewa ile filamu kuliko naelewa kemia. Hiyo ni kabla na baada. Hakuna kitu kinauza kuliko kabla na baada. Nguo, wigi, jiko la gesi, mwili wa jimu, kila kitu. Unaonyesha ubaya sekunde tatu, unaonyesha uzuri sekunde tatu, unakata hapo. Kitu ambacho mtu haonyeshi ni baada ya baada.

Na ni lazima nimpe Hench haki yake: yeye hakukata hapo. Tangu ripoti ya kwanza aliandika kwamba hii si tiba ya kuponya, kwamba ukiacha kudunga ugonjwa unarudi. Lakini onyo halitembei kama filamu. Dunia ilikuwa imeshaona mtu akipanda ngazi.

Na baada ya baada ilikuja. Uso mviringo kama mwezi. Presha. Sukari. Mifupa inakuwa dhaifu. Vidonda vya tumbo. Wengine akili zikayumba. Yule mwanamke wa kwanza mwenyewe alipata madhara makali. Sababu si uchawi. Kortisoni ni homoni, iko kwenye ukoo mmoja na ile ambayo tezi zako za juu ya figo hutengeneza kila siku, kidogo kidogo. Ukimwaga nyingi kutoka nje, kinga inatulia, ndiyo, na maumivu yanaisha, lakini sukari, chumvi, mifupa na mafuta pia vinasikia ujumbe huo huo. Na tezi zako zikiona mzigo unaletwa bure kila siku, zinalala. Ukikata dawa ghafla, zinaamshwa lakini haziwezi kusimama. Mwili unabaki bila homoni ambayo hauwezi kuishi bila. Hiyo ndiyo ilimwangusha mathe chini ya cherehani. Ndiyo maana daktari hushusha dozi polepole, wiki baada ya wiki.

Sasa tuje upande wetu, maana hii hadithi ilipitia kwetu na hakuna mtu alinifundisha shuleni.

Mwanzoni kortisoni ilikuwa dola 200 kwa gramu. Kutoka kwa nyongo, ng'ombe wengi wanatoa dawa kidogo sana. Kwa hivyo wanasayansi wakaanza kutafuta mmea ambao tayari una umbo linalokaribia la steroidi, ili wapunguze hatua. Mwaka 1949 misafara ilitumwa mpaka Afrika Magharibi kutafuta mbegu za strofanthasi, mmea ambao wawindaji walitumia kwa sumu ya mishale. Meksiko walikuwa na viazi mwitu. Mwaka 1952 kampuni ya Upjohn ya Marekani ikapata njia ya kutumia kuvu kufanya ile hatua ngumu zaidi, yaani kuweka oksijeni mahali panapoitwa namba 11 kwenye molekuli, na kuvu hiyo ilifanya kazi juu ya steroidi ya viazi vya Meksiko. Bei ikaporomoka.

Uingereza nayo ilikuwa imetoka vitani mifuko mitupu, haitaki kununua kila kitu kwa dola. Lakini ilikuwa na makoloni. Na makoloni yalikuwa na mkonge.

Mkonge wenyewe si wa hapa. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani anaitwa Richard Hindorf aliuleta Tanganyika, na inasemekana miche 62 tu ndiyo ilifika hai. Kutoka hapo ukajaa Tanga, ukaja Kenya, Thika, Makuyu, Taita, Kilifi. Tuliujua kama kamba na magunia. Ila kwenye jani la mkonge nyuzi ni asilimia 4 hivi tu. Zingine zote ni maji na mabaki, yanamwagwa, yananuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba kule Mill Hill, London, walionyesha kwamba kwenye hayo mabaki unaweza kupata kitu kinaitwa hekojenini. Umbo la steroidi, na oksijeni iko namba 12, mlango wa jirani. Kuihamisha hadi namba 11 ni kazi, lakini si kazi ya hatua 30. Kampuni ya Glaxo ikaichukua. Hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki ikawa malighafi ya dawa zao za steroidi, pamoja na betamethasoni.

Betamethasoni unaijua, hata kama hujui unaijua. Ni ile krimu ya ngozi ambayo watu mtaani wanachanganya na losheni ili wawe weupe. Dawa ya daktari, ikiuzwa bila nusu ya pili ya hadithi.

Fikiria mtu aliyekata majani ya mkonge Thika mwaka 1955. Mkono umechomwa na miiba, mgongo umepinda, viungo vinalia. Takataka ya kazi yake inapelekwa ng'ambo inakuwa dawa ya viungo. Sidhani kuna mtu alimwambia. Na miaka mingi baadaye mjukuu wa mtu kama huyo anauziwa dawa ya ukoo huo kwa matatu, bila jina, ati ni mitishamba haina kemikali. Wasee, mkonge ni mmea. Viazi vya Meksiko ni mmea. Neno mitishamba halikwambii kama kitu ni salama, linakwambia tu kilitoka wapi. Sumu ya mshale pia ni mitishamba.

Turudi kwa swali la baada ya baada, kwa sababu kuna watu walilifanyia kazi vizuri. Waingereza waliamua kulinganisha. Wakachukua wagonjwa wa rumatoidi ambao ugonjwa wao ulikuwa mpya, wengine wakapewa kortisoni, wengine aspirini, ile aspirini ya kawaida. Wakawafuatilia kwa muda mrefu. Ripoti ya 1954 ilisema tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo mno. Siku ya tatu kortisoni ni muujiza. Mwaka mmoja baadaye, aspirini iko nayo bega kwa bega.

Sisemi steroidi ni shetani. Mwaka 1955 ilikuja prednisoni, kali zaidi kwa dozi ndogo, na mpaka leo dawa za ukoo huo zinaokoa watu wa pumu, wa lupasi, wa aleji kali. Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha deksamethasoni inapunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwa mashine ya kupumua, kwa karibu theluthi moja. Ni dawa ya bei ya chini na ilikuwa imekaa kwa rafu miaka mingi. Daktari wa mathe bado alimpa steroidi, dozi ndogo, kwa muda, na daftari la kuandika kila tembe. Kitu ile ile. Tofauti ni kwamba kuna mtu anahesabu.

Na utafiti haukusimama 1950. Kilichozidi thamani kwa rumatoidi kikawa zile dawa za polepole ambazo hazina filamu tamu. Methotreksati, dawa iliyotoka kwa utafiti wa saratani ya damu, Marekani iliikubali rasmi kwa rumatoidi mwaka 1988. Inamezwa mara moja kwa wiki na inachukua wiki kadhaa kabla hujaona kitu. Halafu miaka ya 1990, London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walionyesha kwamba ukizuia ujumbe mmoja tu wa kinga, unaoitwa TNF, viungo vinatulia. Hiyo ilifungua mlango wa dawa mpya kabisa. Bei yake kwa mtu wa cherehani ni kicheko, lakini hiyo ni posti ya siku nyingine.

Mathe yuko kwa methotreksati sasa. Jumapili jioni ndiyo siku yake, na ameichora kwa kalenda na wino mwekundu. Damu inapimwa kila baada ya muda. Ilichukua karibu miezi mitatu ndipo akashika mkasi vizuri. Hakuna siku moja ningeweza kurekodi nikasema hapa ndipo alipona, kwa sababu hajapona. Vidole viwili vimeshapinda, havitanyooka. Uso umerudi wake. Sukari bado tunapigana nayo. Anashona nusu ya nguo alizokuwa anashona.

Mimi sikurudi chuo. Watu huniuliza kama najuta, na jibu langu ni kwamba najuta vile vipakiti, chuo baadaye.

Kwa hivyo ukiwa na mzazi anayeamka vidole vimefura na vinakataa kufunguka mpaka jua lipande, usingoje, na usinunue soksi. Mpeleke akapimwe mapema, kabla mfupa haujaliwa. Kama tayari anameza tembe zisizo na jina na uso unakuwa mviringo, usizitupe kwa hasira usiku huo. Zibebe, na karatasi yake, uende nazo kwa daktari, umwambie ukweli, ashushwe polepole. Mimi nilikuwa naona aibu kutoa ile karatasi. Ndiyo ilimsaidia daktari kujua cha kufanya.

Na ukitumiwa klipu ya mzee anarukaruka, usibishane na siku mbili. Muulize aliyepost huyo mzee yuko wapi mwezi wa nane.